Uchambuzi wa kisa: Badal Sircar na kikundi kilichoacha jukwaa

Kisa chenyewe

Kuna kikundi cha maigizo kinaitwa Shatabdi, kiko Calcutta, India (mji ambao tangu 2001 unaandikwa Kolkata), tunazungumzia miaka ya 70 mwanzoni. Mwongozaji wake ni Badal Sircar, Mbengali, na wakati huo siyo mtu wa kuhangaika kutafuta jina, tamthilia zake zinatafsiriwa na kuchezwa sehemu mbalimbali za India na tayari ana tuzo ya Sangeet Natak Akademi ya mwaka 1968, ambayo kwa wasanii wa jukwaa kule ni tuzo nzito. Sasa huyo huyo, akiwa juu kabisa, anaamua kikundi chake kiachane na jukwaa, pazia, mapambo, taa za rangi, mekapu, na mbele ya safari hata tiketi. Waende wakacheze kwenye chumba kitupu, bustanini na vijijini.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu yeyote aliyewahi kuongoza kikundi cha maigizo anaujua ule ugonjwa wa kukusanya hela miezi mitatu ili ulipie ukumbi usiku mmoja. Sircar alikutana na ugonjwa huo huo ila dawa aliyoichagua ni ya ajabu kidogo, na inafaa kuichambua vizuri badala ya kuisifia tu kama wengi wanavyofanya. Yeye ni mtu wa umma na alifariki 2011 kwa hiyo namtaja kwa jina. Waigizaji wa kawaida na watu wengine walioguswa na mambo haya siwataji.

Alikotoka

Alizaliwa 1925 Calcutta, familia ya Kikristo, baba yake alikuwa mwalimu wa historia Scottish Church College. Yeye akasomea uhandisi Bengal Engineering College pale Shibpur halafu akaingia kwenye mipango miji, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kumlisha. Hili watu wanalipita haraka lakini mimi naona ndiyo ufunguo wa kisa kizima, kwa sababu jamaa hakufikiri kama msanii anayesubiri msukumo ushuke, alifikiri kama mtu wa ramani: watu wako wapi, wanapita wapi, nani anafikiwa na nani hafikiwi, na gharama yake ni shilingi ngapi.

Kazi ilimpeleka London mwishoni mwa miaka ya 50, huko akaona kwa mara ya kwanza mchezo unachezwa katikati na watazamaji wamezunguka pande zote. Halafu katikati ya miaka ya 60 ikampeleka Nigeria. Ndiyo, Nigeria, kadhaa kati ya tamthilia zake kubwa aliziandika huko akiwa ofisa wa mipango miji, mchana anachora mitaa na usiku anaandika Kibengali.

Iliyompa jina ni Ebong Indrajit, aliyoandika 1963 na ikapanda jukwaani 1965. Inahusu mwandishi anayetafuta mtu wa kumwandikia mchezo, anaita watu wanne waliochelewa kuingia ukumbini wapande jukwaani, wanajitambulisha Amal, Bimal, Kamal, na wa nne anasema anaitwa Nirmal kwa kuogopa tu asionekane tofauti, kumbe jina lake Indrajit. Vijana wa mjini, mitihani, usaili wa kazi, ndoa, ofisi, maisha yanazunguka pale pale. Vijana wa Kibengali walijiona mle ndani mpaka wakashtuka. Girish Karnad, naye mwandishi mkubwa, akaitafsiri kwa Kiingereza na ikatoka 1974. Kwa hiyo mtu huyu angekaa tu aandike nyingine tano za namna hiyo, avute kiti, astaafu na heshima yake.

Hesabu ya ukumbi

Shatabdi ilianzishwa 1967 na mwanzoni ilikuwa inafanya kama wenzake wote wa Calcutta. Utaratibu wa vikundi vile ni huu: wanachama wote wana ajira zao, makarani, walimu, wanafunzi, wakitoka kazini jioni wanakutana kwenye chumba cha kuazima kufanya mazoezi, hakuna anayelipwa. Mkiwa tayari mnakodi ukumbi kwa usiku mmoja, mnalipia tangazo gazetini, mnalipia fundi wa taa, mbao na rangi za mapambo, gari la kubebea hayo mapambo. Mnauza tiketi. Mkijaza ukumbi mnarudisha hela, msipojaza mnachangishana.

Sircar alipoikaa chini hesabu hiyo akaona vitu viwili. Kwanza, sehemu kubwa ya hela na nguvu inaliwa na vitu ambavyo siyo mwigizaji wala mtazamaji. Pili, mtu anayeweza kulipa tiketi na kuufikia ukumbi ni yule yule mtu wa mjini wa daraja la kati ambaye maisha yake ndiyo yanaigizwa, yaani mnajitazama wenyewe kwa wenyewe huku vijiji vinavyowalisha vikiwa nje ya mlango.

Na nje ya mlango hali ilikuwa mbaya. Uasi wa wakulima wa Naxalbari ulilipuka 1967 kaskazini mwa Bengal Magharibi (jimbo ambalo mji wake mkuu ni Calcutta) na ukashuka hadi mjini, vijana wakawa wanauawa mitaani na polisi au na wenzao wa upande mwingine. 1971 vita vya Bangladesh vikasukuma wakimbizi karibu milioni 10 kuingia India, wengi wao wakiangukia Bengal Magharibi. Juni 1975 waziri mkuu Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari. Kucheza kwenye ukumbi wenye pazia la hariri katikati ya mambo hayo, kwa kweli mtu lazima ajiulize.

Mambo yalivyofuatana

Mwaka 1969 alisafiri Urusi ya Kisovieti, Poland na Czechoslovakia, akaona kazi za Lyubimov, mwongozaji wa Moscow, na za Grotowski, yule Mpolandi aliyekuwa anasema jukwaa linaweza kuvuliwa kila kitu likabaki na mwigizaji na mtazamaji peke yao. 1971 akapata ufadhili wa Jawaharlal Nehru Fellowship, na mradi alioandikisha ulikuwa wa warsha za kutafuta aina ya maigizo itakayounganisha mji na kijiji. Akaenda pia Marekani 1972 kwa mwongozaji Richard Schechner, ambaye naye alikuwa anawachezesha watu katikati ya watazamaji.

Huku nyumbani kikundi kilikuwa kinajaribu hatua kwa hatua. Kwanza wakahama kutoka jukwaani kwenda kwenye chumba, mle ndani ya jengo la Academy of Fine Arts, wakakiita Anganmancha, uani tu, kama ua wa nyumba. Wakachezea humo Spartacus, aliyoitengeneza kutoka riwaya ya Howard Fast kuhusu uasi wa watumwa wa Roma. Hakuna upanga wala joho la Kirumi. Miili ya waigizaji inabeba kila kitu, mijeledi hakuna ila mtu anachapwa, na mtazamaji amekaa hatua mbili kutoka kwenye jasho lake. Ukumbini ungeweza kumwangalia mtumwa kwa mbali ukala karanga zako, humu ndani unageuza shingo wapi?

Hatua ya pili ikawa kutoka nje kabisa. Bustani ya Curzon Park katikati ya mji ikawa sehemu ya vikundi kucheza mchana kweupe. Siyo kwamba ilikuwa salama. Julai 1974 polisi walivamia mkusanyiko pale na kijana mmoja akapoteza maisha. Watu wa maigizo hawakuacha kwenda.

Hatua ya tatu vijijini. Hapo ndipo Michhil ilipoingia, 1974, na baadaye Bhoma.

Michhil kwa karibu

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ukiielewa Michhil umeelewa uamuzi wenyewe. Jina lina maana ya maandamano. Mabenchi hayapangwi yakatazama mbele kwa sababu mbele hakuna, yanapangwa yakatengeneza vinjia vya kupinda na waigizaji wanapita kwenye hivyo vinjia kati ya magoti ya watu. Mchezo unaanza gizani, kunasikika ukelele, watu wanaulizana nini kimetokea, nani ameuawa, kumbe umeme umekatika (Calcutta ya wakati huo umeme kukatika ilikuwa kawaida kwa hiyo mtazamaji mwenyewe hajui kama ni mchezo au ni shirika la umeme). Anatokea polisi, anasema hakuna aliyeuawa, nendeni nyumbani. Kijana anayeitwa Khoka anasema mimi ndiye niliyeuawa, nauawa kila siku, na hakuna anayemsikia. Kuna na mzee anayetafuta njia ya kurudi nyumbani, kila maandamano yanayopita anaangalia kama ndiyo yale ya kweli yatakayomfikisha. Maandamano ya dini, ya siasa, ya harusi, yote yanapita na waigizaji ni wale wale.

Mwisho waigizaji wanatengeneza maandamano ya kuimba na kuwashika watazamaji mkono waingie.

Sasa angalia kiuhandisi. Waigizaji wachache, nguo za kawaida, mapambo sifuri, taa zinahitajika kidogo sana. Kikundi kizima kinapanda basi au treni na hakuna mzigo. Sircar alikuwa anasema maigizo yake yawe na sifa tatu, yakunjike kutoshea popote, yabebeke, yawe rahisi kwa bei. Ukizitazama unaona hizo siyo nadharia za kupamba kitabu, ni majibu ya moja kwa moja kwa ile hesabu ya ukumbi. Kitabu chenyewe, The Third Theatre, kilitoka 1978, yaani baada ya kazi. Humo anaeleza kwamba maigizo ya kwanza ni yale ya kijijini kama jatra, ya pili ni ya mjini yaliyoletwa na Waingereza, na ya tatu ndiyo anayoyatafuta yeye, yachukue uhai wa ya kwanza na fikra za ya pili.

Na hela? Mchango wa hiari. Mchezo ukiisha shuka linatandazwa linapitishwa, mwenye nacho anaweka, asiye nacho ameona bure kama mwenzake. Waigizaji hawalipwi, wote wana vibarua vyao.

Ualimu

Wenzake walimwita Badal-da, kama sisi tungesema kaka Badal, na huo ukaka ndio ulikuwa mtindo wake wa kufundisha. Shule ya kuigiza yenye jengo, ada na cheti hakufungua. Alikuwa anaenda sehemu, anakaa na watu siku kadhaa kwenye warsha: michezo ya kuaminiana, mmoja anajiachia anaanguka na wenzake wanamdaka, wawili wanaigizana kama kioo, watu wanafumba macho na kutafutana kwa sauti. Hakuna nyota wa mchezo. Mistari haigawiwi siku ya kwanza. Kwanza miili ijuane, skripti baadaye, na mara nyingine skripti inazaliwa humo humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 alifanya warsha Imphal, Manipur, kaskazini mashariki kabisa mwa India. Mmoja aliyekuwepo ni Heisnam Kanhailal, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameondolewa kwenye shule ya taifa ya maigizo Delhi na lugha ikiwa sehemu ya tatizo. Mtu anayekwama kwa sababu ya lugha anakutana na mwalimu anayeanzia kwenye mwili, hebu fikiria. Kanhailal hakwenda kumwiga Sircar, alichukua ule msingi akachanganya na mila za kwao Manipur akatengeneza kitu chake, naye akawa mmoja wa waongozaji wakubwa wa India. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa ualimu wa Sircar, kwamba mwanafunzi alitoka tofauti.

Mbali zaidi, Lahore, Pakistan, utawala wa kijeshi wa Zia-ul-Haq. Kikundi kipya cha Ajoka chini ya Madeeha Gauhar kinataka kucheza, kumbi za serikali hazigusiki. 1984 wakachukua Michhil, kwa jina la Juloos, wakaicheza kwenye nyasi za uwanja wa nyumba ya familia. Mchezo ulioandikwa kukwepa bei ya ukumbi Calcutta ukatumika kukwepa udhibiti wa dikteta Lahore, na ulifaa vile vile kwa sababu hauhitaji mlango ambao mtu anaweza kuufunga.

Matokeo

Shatabdi haikurudi kwenye jukwaa la pazia. Miaka ya 80 wakishirikiana na vikundi wenzao walianza ziara za kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, wanacheza, wanalala kwa wenyeji, kesho safari. Sircar aliendelea kucheza mwenyewe hadi uzeeni. Akiwa na miaka zaidi ya 60 alirudi chuo, 1992 akamaliza shahada ya uzamili ya fasihi linganishi Jadavpur University. 2010 serikali ikataka kumpa Padma Bhushan, nishani kubwa ya taifa, akaikataa, akasema utambuzi anaouthamini kama mwandishi ameshaupata. Alifariki Mei 2011 kwa saratani ya utumbo.

Kilichofanya kazi

Kubwa ni mpangilio wa hatua. Hakuamka asubuhi akachoma pazia. Alitoka jukwaani akaingia chumbani, chumbani akatoka bustanini, bustanini akaenda kijijini, na kila hatua ilikuwa na mchezo wake uliotungwa kwa ajili ya nafasi ile. Vikundi vingi vinavyotaka kucheza nje vinabeba mchezo wa jukwaani vinaupeleka uwanjani na maiki inayokwaruza, halafu wanashangaa watu wanaondoka. Michhil ingepwaya ukumbini.

La pili ni kwamba alibaki na ajira yake wakati kikundi kinajijenga. Wapo wanaoliona hili kama ukosefu wa kujitoa, mimi nasema bila mshahara wa mipango miji lile shuka lingekuwa linapitishwa kwa njaa na njaa haiwezi kukataa mfadhili mwenye masharti. Kikundi kilikuwa na uhuru wa kusema kinachotaka kwa sababu hakuna aliyekuwa anakitegemea kula.

Na la tatu nimeshaligusa, mbinu ilibebeka bila mwenyewe. Lahore walihitaji skripti na nyasi basi.

Kilichokwama

Huo uhuru wa kutolipwa una upande wa pili. Mwigizaji asiyelipwa anapatikana jioni na siku za mapumziko, akioa, akihamishwa kikazi, akipata mtoto, kikundi kinampoteza na hakuna kitu cha kumshikilia. Maana yake ni kwamba kazi ilikuwa inaegemea mno watu wachache wenye moto, na hasa yeye. Mwenzake wa rika moja, Utpal Dutt, alichukua njia tofauti kabisa, akaandika na kuongoza jatra, maigizo ya kibiashara ya vijijini yenye nyimbo, makelele na waigizaji wanaolipwa, na humo humo akapenyeza siasa zake mbele ya maelfu ya watu wanaolipa kiingilio. Ukiwaweka hawa wawili pamoja swali linakuja lenyewe: mwanakijiji wa Bengal tayari alikuwa na maigizo anayoyapenda na kuyalipia, kwa nini umletee kitu cha tatu? Jibu la Sircar ni kwamba jatra ina uhai ila yaliyomo yanarudisha watu nyuma, miungu na wafalme na hatima. Jibu hilo lina ukweli. Lakini pia lina mtu wa mjini anayeamua mwanakijiji apende nini.

Suala hilo linajitokeza wazi kwenye Bhoma. Bhoma ni mkulima wa Sundarbans, kule delta ya mikoko na chui milia, jina lilitokana na kisa alichosimuliwa Sircar, lakini kwenye mchezo Bhoma mwenyewe haonekani kama mhusika. Waigizaji wa mjini wanamzungumzia, wanajisuta, wanataja takwimu za umaskini, wanasema damu ya mtu ni baridi kama ya samaki. Ni uaminifu fulani, kwamba hatuwezi kujifanya Bhoma basi tuseme wazi kwamba sisi siyo yeye. Uliwahi kuchezwa huko huko Sundarbans. Ila mwisho wa siku kwenye mchezo unaoitwa kwa jina lake mkulima hana hata mstari mmoja, na hili mimi sijaona utetezi unaonitosha.

Kuna na lawama ya maandishi. Wasomaji wa Indrajit wanalalamika kwamba mwandishi wa watu wenye nafsi za ndani aligeuka mwandishi wa kwaya, Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu, wanapokezana mistari mifupi kama mabango. Nakubali nusu. Ukikaa na Michhil kitandani unaisoma unaweza kulala, kurudiarudia kwingi, na yule mzee anachosha. Indrajit unaisoma usiku mmoja bila kuiweka chini. Vyuo ndivyo vinavyoamua nini kinaitwa fasihi na vyuo vinasoma karatasi, ndiyo maana kwenye silabasi za India Indrajit inatangulia hadi leo, na tamthilia ambazo yeye mwenyewe alizitumikia miaka karibu 40 zinapewa aya moja chini yake.